Kweli au si kweli: kesi ya neno "literally"

Mwanafunzi wa Kiingereza akitafuta maana ya "literally", jambo la kwanza atakaloambiwa na kamusi ni kwamba neno hilo humaanisha "kwa maana halisi ya maneno yenyewe, bila mfano wala fumbo". Jioni akifungua simu yake atakuta dada mmoja wa Nairobi ameandika kwamba yeye "literally" amekufa kwa kucheka. Chini ya ujumbe huo wasahihishaji watakuwa wameshafika: hujui Kiingereza wewe, rudi shule, umekufaje nawe bado unaandika?

Wasahihishaji hao hawana chembe ya shaka, na ndiyo maana nataka kuyapima madai yao moja baada ya jingine. Sisi tuliojifunza Kiingereza darasani tulikabidhiwa kanuni zake kama amri zisizohojiwa. Hatukuambiwa kwamba wenye lugha wenyewe walikuwa wakibishana juu ya baadhi ya kanuni hizo, na kwamba wanabishana hadi leo. Katika mabishano juu ya "literally" sisi tulisikilizishwa upande mmoja tu, tukadhani ni hukumu.

DAI: Ni uharibifu wa vijana wa leo, wa Wamarekani na mitandao yao.

Si kweli, na ushahidi una umri wa zaidi ya miaka 250. Mwaka 1769 Mwingereza Frances Brooke alichapisha The History of Emily Montague, riwaya iliyoandikwa kwa mtindo wa barua na kuwekwa Quebec, mahali alipoishi na mumewe aliyekuwa kasisi wa jeshi. Katika barua mojawapo anatajwa mwanamume mwenye bahati ambaye, alipowasili tu, alitambulishwa kwa kundi la wanawake warembo. Bahati hiyo inafananishwa na kujilisha katikati ya maua, taswira inayotoka katika Wimbo Ulio Bora, na mbele ya taswira hiyo limewekwa neno "literally". Hakuna aliyekula ua lolote. Wakati huo Marekani haikuwa hata nchi.

Baada ya Brooke mlolongo haukukatika. Katika Nicholas Nickleby, riwaya iliyokamilika mwaka 1839, Charles Dickens anamsimamisha Squeers, mwalimu katili, mbele ya Smike, kijana aliyetoroka shuleni kwake akakamatwa. Squeers anamtazama kimya, na macho yake, kwa mujibu wa Dickens, yanafanya karamu, "literally". Mwaka 1876 Mark Twain alitoa The Adventures of Tom Sawyer. Tom amepewa adhabu ya kupaka uzio chokaa, lakini anawashawishi wenzake waione kazi hiyo kuwa starehe, hadi wanamlipa kwa gololi, kishada na hata panya mfu ili nao wapate zamu. Alasiri inapofika, mvulana aliyeamka fukara sasa "literally" anagaagaa katika utajiri. F. Scott Fitzgerald naye, mwaka 1925, alimfanya Gatsby ang'ae "literally" kwa furaha ya kukutana tena na Daisy. Mtu anayesema kwamba hawa hawakujua Kiingereza atakuwa na kazi kubwa ya kutuonyesha anayekijua.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Charlotte Brontë katika Jane Eyre ya mwaka 1847. Rochester amepofuka baada ya nyumba yake kuungua. Jane, ambaye sasa ni mkewe, anamsomea vitabu na kumweleza yaliyomo mashambani na angani, na anasema kwamba yeye, "literally", alikuwa mboni ya jicho la mumewe. Nahau hiyo tunayo katika Kiswahili: mboni ya jicho langu ni kipenzi changu. Lakini tazama Brontë anavyoitumia. Jane ni kipenzi, na papo hapo ndiye anayeona kwa niaba ya mtu asiyeona. Je, neno "literally" hapo ni la maana halisi au ni la mfano? Ni yote mawili, na ndiyo sababu linagusa. Kanuni ya wasahihishaji haina pa kuliweka neno hilo.

Kuhusu James Joyce inafaa kwenda polepole. Hadithi yake "The Dead", katika kitabu cha mwaka 1914 kiitwacho Dubliners, inaanza kwa kumtaja Lily, binti wa mtunza nyumba, ambaye ametingwa na kazi za wageni kiasi kwamba "literally" miguu imemtoka. Watetezi wa neno huutaja mfano huu upesi, lakini mhakiki Hugh Kenner alionyesha, katika kitabu chake cha mwaka 1978, kwamba Joyce hapo ameazima kinywa cha Lily mwenyewe. Msimulizi anamweleza binti huyo kwa maneno ambayo binti huyo angeyatumia. Kwa hiyo hatuwezi kusema "Joyce alisema hivi, basi ni sawa". Tunachoweza kusema ni kwamba mwanzoni mwa karne ya 20 watu wa kawaida wa Dublin walizungumza hivyo, na mwandishi mwenye sikio kali alisikia.

Pamoja na hayo yote, lawama huwaangukia vijana, hasa wasichana. Mwaka 2018 mwenye baa ya Continental mjini New York alibandika tangazo kwamba yeyote atakayelitamka neno hilo ndani amalize kinywaji chake kwa dakika tano na kuondoka, na tangazo hilo liliwataja kina Kardashian, familia maarufu ya televisheni, kama watu wa kulaumiwa. Wakati huohuo mmoja wa watumiaji mashuhuri wa neno hilo Marekani alikuwa Joe Biden, aliyezaliwa mwaka 1942, ambaye hotuba zake zimejaa "literally" tangu enzi za useneta. Ninaposikia neno lilelile likiitwa tabia ya wanasiasa kwa mzee na upumbavu kwa msichana, naona wazi kwamba anayehukumiwa ni mzungumzaji, si neno.

DAI: Siku hizi "literally" lina maana ya kinyume chake.

Hili ndilo dai linalorudiwa zaidi, hata na watu wanaolitetea neno lenyewe, nalo si kweli.

Lijaribu. Kama "literally" limegeuka kumaanisha "kwa mfano tu", basi tuweke "kwa mfano tu" mahali pake. Yule dada wa Nairobi atakuwa anasema: "Kwa mfano tu, nimekufa kwa kucheka." Twain atakuwa anasema kwamba Tom, kwa namna ya mfano, aligaagaa katika utajiri. Sentensi zimepoa. Hakuna mtu duniani aliyewahi kukusudia hivyo. Aliyeandika kwamba amekufa kwa kucheka hakuwa akikutahadharisha kwamba anatumia mfano. Alikuwa akikusukuma uuhisi mfano huo kwa uzito wake wote.

Kinachotokea hapa kinafundishwa katika kila darasa la fasihi ya Kiswahili, na jina lake ni chuku. Mtu anatia chumvi kwa makusudi, msikilizaji anajua kwamba ametia chumvi, na wote wawili wanaelewana. Katika sentensi ya "literally nimekufa", chuku imebebwa na "kufa". Neno "kufa" ndilo lililoondoka katika maana yake halisi. "Literally" limekuja kuongeza nguvu tu, kama ambavyo lingekuja "kabisa" au "hasa". Wasahihishaji wanaliacha neno lililopinda, wanalikamata lililosimama kando yake.

Na hata kama neno lingekuwa na maana mbili zinazopingana, lugha isingeanguka. Kiswahili kinalo "kuazima". Nikikuambia "niazime kalamu", wewe ndiye unayetoa. Nikisema "nimeazima kalamu kwa Asha", mimi ndiye niliyepokea. Kitenzi kimoja kinashika pande zote mbili za shughuli moja, na sijasikia kwamba kalamu zimepotea kwa sababu hiyo. Sentensi iliyobaki hutuambia nani katoa na nani kapokea.

DAI: Maana yake ya asili ni "kwa hakika, kwa kweli".

Si kweli. Asili yake ni herufi. Neno la Kilatini littera ni herufi ya alfabeti, na kutoka hapo lilizaliwa neno la kuelezea jambo linalohusu herufi, maandishi, maneno kama yalivyoandikwa. Nyumba yake ya kwanza ilikuwa usomaji wa Maandiko. Wanatheolojia wa Ulaya ya Zama za Kati walihesabu maana nne za andiko: ya maneno yenyewe, ya mfano wa mambo ya imani, ya maadili, na ya mambo ya mwisho. Ile ya kwanza ndiyo iliyoitwa ya herufi. Karne nyingi kabla yao Augustino wa Hippo, askofu wa Afrika Kaskazini, alikuwa ameandika kitabu kizima kukifasiri Kitabu cha Mwanzo kwa njia hiyo. Msomaji aliyekaa darasani msikitini ataitambua tofauti hiyo mara moja, kwa sababu wanazuoni wa Kiislamu nao wamejadili kwa karne nyingi maana ya dhahiri na maana ya batini.

Zingatia jambo hili: maana ya herufi ya andiko si lazima iwe jambo lililotokea. Ukisoma mfano wa Mwana Mpotevu kwa maana ya maneno yake, unasoma habari za baba na wana wawili, lakini husemi kwamba familia hiyo iliishi mtaa fulani. "Literally" ilihusu namna ya kusoma. Kuitoa huko na kuifanya imaanishe "jambo hili limetukia kweli" kulikuwa tayari ni kuisogeza. Anayedai kwamba anatetea maana ya asili anatetea kituo cha pili cha safari, na kukataa cha tatu.

Safari yenyewe ni ya kawaida sana katika Kiingereza. Neno "very", ambalo leo linamaanisha "sana", lilitoka katika neno la Kifaransa cha kale lililomaanisha "kweli", na Kilatini chake ni verus. Katika Kiingereza cha mshairi Chaucer, karne ya 14, bado lilitumika kusema kwamba kitu ni cha kweli. "Really" nalo lilianza kwa kumaanisha "katika uhalisi". Leo Mwingereza akisema kwamba chai ni "really" moto, hakuna anayemuuliza kama kuna chai ya moto wa kuwaziwa. Maneno ya kuapia ukweli mara nyingi huishia kuwa maneno ya kutia nguvu, kwa sababu mtu anayetaka kusadikiwa huongeza ushahidi, na ushahidi ukiongezwa kila siku hugeuka kuwa msisitizo.

DAI: Kiswahili hakina mchezo huu.

Nimelisikia dai hili kutoka kwa watu wanaokipenda Kiswahili, na nakipenda pia, lakini si kweli hata kidogo. Tunafanya vilevile, kila siku, kwa ustadi.

Msikilize shabiki wa mpira akimsifu beki: "Yule ni simba kweli kweli!" Beki hana manyoya. Neno lililotumika kuthibitisha kwamba yeye ni simba ni "kweli", tena limetajwa mara mbili. "Kweli tumevunjika mbavu," anasema aliyetoka kuangalia vichekesho, na mbavu zake zote zipo. Hakuna mwalimu wa Kiswahili anayechora mstari mwekundu chini ya "kweli" hapo na kuandika kwamba mwanafunzi hajui maana ya ukweli.

Viapo vinaonyesha jambo hili vizuri zaidi. "Wallahi" ni kiapo kwa jina la Mwenyezi Mungu, neno zito kuliko yote ambayo mtu anaweza kuyaweka mbele ya kauli yake. Hata hivyo, ukipita mitaa ya Mombasa au Unguja utasikia "wallahi nimekufa kwa njaa" kutoka kwa mtu aliyekula mchana. Masheikh hukemea kuapa ovyo, na wana sababu. Lakini hata anayekemea hamhukumu msemaji kwamba amedai kifo chake kwa uongo. Anajua kwamba kiapo kimetumika kutia nguvu. Tanzania Bara kuna "haki ya Mungu", ambayo imepita njia hiyohiyo. Na Nairobi "haki" imekwenda mbali zaidi, ikapoteza hata herufi yake ya kwanza: "aki nimechoka", "aki usiniache". Neno lililobeba uadilifu na ukweli sasa ni pumzi ya kuanzia sentensi yenye hisia. Tanzania "kiukweli" imekuwa kianzio cha kila maelezo, na wapo walimu wanaoilalamikia kwa maneno yaleyale ambayo Waingereza huyatumia dhidi ya "literally".

Hatua hii ya lugha ninaitazama kwa heshima. Mtu anapotaka kusadikiwa anashika neno zito lililo karibu naye. Kwa Mswahili ni kweli, haki, wallahi. Kwa Mwingereza ni herufi iliyoandikwa. Dada wa Nairobi aliyekulia kwenye lugha zote mbili anazo akiba zote mbili mkononi, na kuchanganya kwake si dalili kwamba amekosa lugha.

DAI: Wataalamu wote wa lugha wamelikataa.

Baadhi walilikataa, na kwa ukali. Ambrose Bierce, mwandishi wa habari wa Marekani aliyepigana katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, alilishambulia katika kijitabu chake cha makosa ya uandishi, Write It Right, cha mwaka 1909. Kwake kutia chumvi kulikuwa kubaya tayari, na kuapia chumvi hiyo kuwa kweli hakuvumiliki. H. W. Fowler, ambaye kitabu chake cha mwaka 1926 kiliongoza wahariri wa Uingereza kwa vizazi, naye aliona kwamba watu wanalitamka neno hilo mahali ambapo ukweli ungewataka waseme kinyume. Ningependa msomaji awachukulie kwa uzito. Walikuwa watu wa kazi, na walichochukia ni maneno yanayotumika bila kufikiri.

Lakini mwaka uleule wa 1909, Webster's New International, kamusi kubwa ya Marekani, iliandika kwamba "literally" mara nyingi hutumika kwa kutia chumvi. Kamusi ya Oxford ilikuwa imeshafika huko miaka michache kabla. Sehemu ya herufi L, iliyohaririwa na Henry Bradley mwanzoni mwa karne ya 20, iliyataja matumizi hayo na kuongeza kwamba si sahihi. Kwa maneno mengine, malalamiko na kumbukumbu vilizaliwa pamoja. Na tangu Brooke hadi Bierce ilipita miaka 140 ambamo waandishi walilitumia neno hivyo.

Wapo pia wanaoliita kosa la sarufi. Hili halihitaji maneno mengi: sarufi ya sentensi hizo haina kasoro yoyote. Ubishi ni wa maana na mtindo.

DAI: Mwaka 2013 kamusi zilishindwa na umma, zikabadilisha maana.

Si kweli, ingawa magazeti ya Uingereza na Marekani yaliandika hivyo. Mnamo Agosti 2013 mtu mmoja aligundua kwamba Google ikiulizwa maana ya "literally" inaonyesha pia matumizi ya kutia nguvu. Habari ikasambaa, na baada ya hapo ikagunduliwa kwamba Kamusi ya Oxford nayo inayo. Watu waliomboleza kifo cha lugha ya Kiingereza. Wahariri wa Oxford walikuwa wameifanyia kazi ingizo hilo mwaka 2011, na kwa miaka miwili hakuna aliyeona. Merriam-Webster, wenye ile kamusi ya Webster's, nao wakakumbusha kwamba wao wanayo tangu 1909.

Kosa kubwa zaidi la habari hizo lilikuwa kudhani kwamba kamusi hutoa ruhusa. Mwanakamusi anakusanya mifano ya yale ambayo watu wameyasema na kuyaandika, anaipanga, anaieleza. Asipoandika maana ambayo Dickens, Brontë na Twain wameitumia, msomaji wa vitabu hivyo atakwama, na kamusi itakuwa imeshindwa kazi yake. Wakati huohuo kamusi haifichi ubishi. Oxford inaeleza kwamba matumizi haya ni ya mazungumzo na kwamba wengi huyaona si ya kawaida katika Kiingereza sanifu. Merriam-Webster nao wanamtahadharisha msomaji kwamba yanalaumiwa mara kwa mara. Tunaofundisha na kusahihisha tungepaswa kusema hivyohivyo: neno linatumika, tangu zamani, na wapo wasiolipenda.

DAI: Maana yake halisi imekufa.

Si kweli. Maana hiyo iko hai, na kuna mahali ambapo haina mbadala.

Mahali pa kwanza ni mahakamani. Sheria ya Kiingereza, ambayo mahakama za Kenya, Uganda na Tanzania zilirithi sehemu yake kubwa, ina kanuni ya kufasiri sheria kwa maana halisi ya maneno yake, na jina la kanuni hiyo limetokana na neno tunalolijadili. Kila mwanafunzi wa sheria hukutana na kesi ya Whiteley dhidi ya Chappell ya mwaka 1868. Mshtakiwa alipiga kura kwa jina la mtu aliyekwisha kufa. Sheria iliharamisha kujifanya mtu mwenye haki ya kupiga kura. Mahakama ilisema: marehemu hana haki ya kupiga kura, kwa hiyo mshtakiwa hakujifanya mtu anayetajwa na sheria. Akaachiwa. Katika Fisher dhidi ya Bell ya mwaka 1960, mwenye duka mjini Bristol aliweka kisu cha kufyatuka kwenye dirisha la duka kikiwa na bei yake. Sheria ilikataza kutoa pendekezo la kuuza kisu cha namna hiyo, na katika sheria ya mikataba bidhaa iliyo dirishani ni mwaliko kwa mteja, si pendekezo la kuuza. Naye akashinda, na mwaka 1961 Bunge la Uingereza likalazimika kurekebisha sheria. Hapo kufuata maneno kama yalivyoandikwa kulikuwa tofauti kati ya hatia na uhuru.

Mahali pa pili ni pale ambapo nahau imetimia. Tunasema mali ya mtu "imekwenda na maji" tukimaanisha imepotea. Lakini mafuriko yakiingia Rufiji na nyumba ikabebwa na mto, msimulizi wa Kiswahili inambidi aongeze: imekwenda na maji, si kwa mithali, kwa maana halisi ya maneno hayo. Mwingereza katika hali hiyo hutamka "literally", na kila msikilizaji anaelewa kwamba maji yalikuwepo. Wataalamu wetu wa tafsiri nao wana tafsiri sisisi, ile inayofuata maana za msingi za maneno, na wanapoizungumzia kwa Kiingereza ndilo neno hilohilo wanalolishika.

DAI: Linaweza kumpotosha msomaji.

Kweli. Hapa ndipo Bierce na Fowler wanapostahili kusikilizwa.

Mtu akisema "literally nimekufa", hakuna hatari, kwa sababu wafu hawasemi. Akisema "literally amegeuka simba", hakuna hatari pia. Shida inaanza pale ambapo kilichosemwa kinaweza kweli kutokea. "Literally hatujala tangu jana." "Literally alimpiga mkewe mbele ya watu." "Literally hawana pa kulala." Msomaji wa sentensi hizi hana njia ya kujua kama anaelezwa janga au anapigiwa chuku. Anayezungumza ana sauti, uso na mikono ya kumsaidia. Mwandishi wa ripoti ya polisi, ya hospitali au ya kambi ya wakimbizi hana vitu hivyo. Katika maandishi ya namna hiyo kosa linaweza kumnyima mtu msaada, au kumtia mtu hatiani, na mimi ningelifuta neno bila kusita hata kama limetumika kwa maana yake halisi, kisha ningeandika saa ya mlo wa mwisho, jina la aliyeshuhudia, idadi ya wasio na makazi.

Katika barua ya kuomba kazi pia ningeliacha. Sababu yake ni nyepesi lakini ni ya kweli: anayeisoma barua anaweza kuwa mmoja wa wasahihishaji, na hutapata nafasi ya kumsimulia habari za Frances Brooke.

Basi mwalimu, ukilikuta "literally" katika insha ya mwanafunzi wako, naomba usiandike pembeni kwamba hajui Kiingereza. Muulize kama msomaji asiyemfahamu atatambua kwamba anapiga chuku. Kama atatambua, na insha ni hadithi au barua ya rafiki, liache. Kama hatatambua, au kama ni ripoti, mwambie alifute na aandike lililotokea. Kisha mpe Nicholas Nickleby na The Adventures of Tom Sawyer asome mwenyewe.